Saa ya Mchaichai

Mchaichai haupikwi kwa pupa. Mama wa nyumba huyakata majani pembezoni mwa kibanja, huyafunga fundo, huyatia kwenye maji yaliyokwisha kutokota, kisha hufunika sufuria. Siri yote imo katika kule kufunika. Harufu ya mchaichai inakaa katika mafuta mepesi yanayoruka pamoja na mvuke, kwa hiyo sufuria ikiachwa wazi nyumba nzima itanukia, lakini kikombeni patabaki maji ya moto yenye rangi ya majani makavu. Mujaja nao, ndugu wa kivumbasi na mrehani, hupikwa vivyo hivyo, na jina lake linavuka mpaka bila taabu, maana ng'ambo ya pili Waganda wanauita mujaaja. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, ambako baridi ya jioni huwahi kushuka, kikombe cha namna hiyo kinaweza kumchukua mgeni saa nzima tangu anapokaribishwa kiti mpaka anapoaga. Saa hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea. Ninaitetea mbele ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyefika na hojaji kwenye begi, mbele ya msimamizi anayeulizia takwimu kwa simu, na mbele ya fedha za utafiti zinazokwisha kabla ya siku zake. Ninachosema ni hiki: muda ambao mtafiti anasubiri kikombe kipoe ni sehemu ya utafiti wake, na akiukata, amekata ushahidi.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Kagera, Tanzania, huvuta watafiti, na sababu zinaeleweka. Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Karagwe, na sensa ya mwaka huo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja. Zinapakana na Rwanda na Uganda, Mto Kagera ukiwa mpaka kwa sehemu kubwa. Zina migomba, kahawa, machimbo ya bati, na hifadhi mbili, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Morogoro au Ulaya anafika Bukoba na barua ya chuo, anapata barua ya mkoa, kisha ya wilaya, kisha anamtafuta mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Mpaka anaposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya kwanza, siku kadhaa zimeshakwenda. Hapo ndipo hesabu inapomkaba. Tuseme pendekezo lake la utafiti liliahidi kaya 120 na amebakiwa na siku kumi. Hizo ni kaya 12 kwa siku. Kwa kazi ya saa nane, kila kaya ina dakika 40, na humo humo mna safari ya kutoka mlima huu hadi ule, salamu, maelezo ya kibali, na maswali 60 ya hojaji. Mwenyeji akisema karibu chai, mtafiti anatazama saa. Anashukuru, anasema amekunywa, anafungua karatasi. Kila upande umetenda kwa adabu, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Karagwe ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hili, na ni ushahidi mchungu. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika himaya ya Mfalme Rumanyika, ambaye makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anaeleza jinsi alivyoingia nyumbani kwa shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya wake wa watawala, akamshawishi akubali kupimwa kwa kumwonyesha na yeye mikono na miguu yake mitupu. Akapima mkono, kifua, paja na kimo, akaandika namba. Namba hizo zimesomwa duniani kwa zaidi ya miaka 160. Jina la mwanamke mwenyewe halimo. Halimo pia neno lake hata moja juu ya maana ya maziwa yale kwake, au fahari aliyoipata, au mateso ya bintiye aliyekuwa pale akilazimishwa kunywa huku baba ameshika fimbo. Kipimo kiliandikwa kwa futi na inchi, na hakikueleza lolote la maana. Lakini Speke huyo huyo alikaa mara nyingi na Rumanyika, wakazungumza juu ya milima, maziwa na falme za jirani, na katika mazungumzo hayo ya kirafiki alipata habari za nchi ambazo hakuwa amezikanyaga. Mtu ni yule yule na safari ni ile ile. Utepe wa kupimia ulimpa mstari wa namba, ukaaji ukampa jiografia.

Mfano wa Grant una uzito zaidi, kwa sababu hakuchagua kukaa. Kidonda cha mguu kilimzuia, na Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, yeye alibaki Karagwe mpaka Aprili. Kwa mpelelezi wa zama zile ilikuwa hasara kubwa, maana mwenzake alikuwa njiani kuelekea chanzo cha Nile. Lakini Grant alikuwa mtu wa mimea. Katika safari nzima alikusanya majani na maua, yakapelekwa kwenye bustani ya Kew, na miaka ya 1870 yakachapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London katika kitabu ambacho wataalamu wa mimea wanakirejea hadi leo. Siwezi kusema kwamba ugonjwa ni njia ya utafiti. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelazwa mahali kwa miezi anaona kile ambacho mpitaji haoni: nani analeta dawa gani, jani lipi linachumwa alfajiri, lipi ni la ng'ombe na lipi ni la watu. Nimeshangaa siku zote kwamba historia inamkumbuka zaidi yule aliyewahi.

Tusidhani pia kwamba kikombe ni mapambo yaliyoletwa na chai ya dukani. Kabla ya majani ya chai, mgeni katika nchi hizi alipokelewa kwa kahawa ya kutafuna, ile ambayo Bukoba wanaiita akamwani: buni mbichi zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Mgeni aliletewa ndani ya kikapu kidogo, akachukua chache, akatafuna, maneno yakaanza. Na tunda la buni, lenye punje mbili zinazotazamana ndani ya ganda moja, lilitumiwa katika kuchanjia udugu wa damu. Kila mmoja alimeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa hiyo yule anayepewa kitu cha kutia kinywani hapa hapewi kiburudisho tu. Anawekwa mahali fulani katika uhusiano, na mahali hapo pana haki na wajibu. Mtafiti anayekataa kikombe ili aokoe dakika 20 anaweza asijue kwamba amekataa pia nafasi ya kuambiwa mambo ambayo mgeni wa mlangoni haambiwi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wanahistoria na wataalamu wa mila, kwamba utafiti wa takwimu una sheria zake na hauhitaji uchangamfu wa sebuleni. Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwa kuwa moja ya tafiti za takwimu zenye kuheshimika zaidi Afrika ilifanyika Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera, ulioendeshwa na Benki ya Dunia na Muhimbili, ulihoji kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, nyingi kati yake hadi mara nne. Lengo lilikuwa kujua vifo vya watu wazima vinaziachaje familia, katika mkoa ambao mwaka 1983 ulitoa taarifa za wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania. Kisha watafiti walirudi mwaka 2004, wakarudi tena 2010, na safari hizi hawakuridhika na waliobaki vijijini. Waliwafuata waliohama, hata nje ya mkoa na nje ya nchi. Wakagundua kwamba waliohama walikuwa wameinuka kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki, na kwa tofauti kubwa. Utafiti ambao ungewahoji waliobaki peke yao ungetoa picha ya uongo juu ya umaskini wa Kagera, ijapokuwa kila namba ndani yake ingekuwa ya kweli.

Sasa, mtu aliyehama kijijini miaka kumi iliyopita anapatikanaje? Haonekani kwenye ramani wala kwenye daftari la mtendaji. Anapatikana kwa kuuliza shangazi, ambaye atasema yuko Geita lakini mume wake alihamia Kahama. Kwa kuuliza jirani, ambaye ana namba ya simu ya rafiki yake. Kwa kuuliza mzee, ambaye hatasema lolote mpaka ajue wewe ni nani na unamtafutia nini. Utafiti ule wa namba ulisimama juu ya maongezi ya ndugu na majirani. Na ulisimama juu ya kurudi, jambo ambalo ni jamaa wa karibu wa kukaa. Kwa hiyo haunipingi. Unaonyesha kwamba hata hojaji ndefu kuliko zote inahitaji mlango uliofunguliwa na mtu anayekuamini.

UKIMWI wenyewe ulikuwa na jina la nyumbani. Ulipoanza kuua katika miaka ya 1980, watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka kutoka Uganda wakati ule. Ndani ya jina hilo kulikuwa na maelezo kamili ya jamii juu ya biashara, tamaa, mpaka na vita vya Tanzania na Uganda vilivyokuwa vimetoka kupita, vita ambavyo mwaka 1978 vililivunja daraja la Kyaka na kuacha magendo yakistawi. Mtu aliyekuja na hojaji iliyoandikwa neno la kitaalamu alipata jibu la kitaalamu, yaani ndiyo au hapana. Aliyekaa alisikia Juliana, na kwa kusikia neno hilo alijua watu wanadhani ugonjwa umetoka wapi, na kwa hiyo kwa nini wanakubali au wanakataa ushauri wa zahanati. Maneno ya namna hii hayatajwi katika dakika kumi za kwanza. Dakika kumi za kwanza ni za heshima, na heshima husema kile kinachomfurahisha mgeni.

Hapo najibu pia wale wanaohofia upendeleo. Wanasema mtafiti aliyekunywa chai ya mtu hawezi tena kumpima kwa haki, na mwenyeji aliyemkirimu mgeni atamsifia kila kitu. Kweli, ukarimu una nguvu ya kuyapinda maneno. Lakini nani anapindishwa zaidi? Mgeni asiyejulikana, mwenye begi na kibali chenye mhuri, anafanana na mtu wa serikali au wa mradi. Mbele yake mkulima wa Nkwenda atapunguza idadi ya ng'ombe kwa hofu ya kodi, au atazidisha shida zake kwa tumaini la msaada. Hofu na tumaini hupinda takwimu kuliko kikombe cha mujaja. Dawa yake ni muda wa kutosha ili mwenyeji aone kwamba huyu hakuleta kodi wala msaada, ila maswali. Baada ya hapo atasema ukweli, na mara nyingine ataurekebisha ule aliousema mwanzo. Marekebisho hayo ndiyo dhahabu ya daftari, na hayapatikani kwa mtu aliyeshapanda bodaboda.

Kuna pingamizi lingine ambalo linanigusa zaidi, nalo linahusu mzigo kwa mwenyeji. Sukari ni fedha, kuni ni kazi ya mama na binti, na saa moja ya mama wakati wa palizi ina gharama. Wanafunzi watano wakipita katika kitongoji kimoja ndani ya mwaka, kila mmoja akakaa saa nzima akinywa, utafiti umekuwa kodi ya ukarimu. Nakubali kabisa, na sioni jibu la kulikwepa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na swali la haki ni kwamba mwenyeji wa Kaisho au Nyaishozi anapona nini kwa kuja kwa mtafiti. Kuna jibu dogo na kuna jibu kubwa. Dogo ni desturi tunayoijua wote: hutembelei nyumba mikono mitupu. Kilo ya sukari na mche wa sabuni viingie katika bajeti ya utafiti, viandikwe kwa jina lake, na msimamizi avipitishe bila kuuliza, kama anavyopitisha nauli. Kubwa ni kurudisha kilichopatikana. Mwenyeji aliyetoa saa yake ana haki ya kujua ilikwenda wapi.

Katika hili Karagwe ina mifano ya kujivunia. Israel Katoke alikusanya simulizi za wazee juu ya ufalme wa Karagwe, na mwaka 1975 zikatoka kama kitabu cha historia ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, kilichochapishwa Nairobi. Wazee wengi waliosimulia wameshakufa. Wangehojiwa kwa dakika 40, sehemu kubwa ya yale waliyoyajua ingezikwa nao. Josephat Rugemalira alitetea tasnifu yake Berkeley, Marekani, mwaka 1993, juu ya vinyambulisho vya vitenzi katika Kinyambo, kazi ya nadharia ambayo mkulima hawezi kuitumia. Lakini hakuishia hapo. Mwaka 2002 alitoa msamiati wa Kinyambo kwa Kiswahili na Kiingereza chini ya mradi wa lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu wa Kayanga anaweza kuushika mkononi, kijana wa Kyerwa aliyekulia Mwanza anaweza kulitafuta humo neno la bibi yake. Hivyo ndivyo saa ya mwenyeji inavyorudi nyumbani, na inarudi kwa lugha anayoisoma.

Kuandika nako kuna saa yake. Mtafiti akirudi mezani na daftari zake, kasi aliyokuwa nayo uwandani humfuata, na hapo kahawa kali za usiku huchukua nafasi ya kufikiri. Mchaichai hauna kafeini. Hauwezi kumkeshesha mtu kwa lazima. Anayeunywa jioni akiandika atachoka saa ya kuchoka, atalala, na asubuhi ataona kwamba aya aliyoipenda jana haina ushahidi. Silisemi hili kama daktari. Nalisema kwa sababu tasnifu nyingi zimejaa sura ya uchambuzi iliyoandikwa kwa pumzi moja, ambamo maneno ya wenyeji yamekatwa vipande vya sentensi mbili mbili na kubandikwa chini ya nadharia kama mihuri. Aliyekaa uwandani atakuwa na sauti nzima za kusikiliza tena, vikwazo na vicheko vikiwemo, na anapoziandika atajua ni wapi mzee alinyamaza kabla ya kujibu. Kunyamaza huko hakuingii kwenye programu ya takwimu, lakini kunaweza kubadilisha maana ya jibu.

Nimebakiwa na mtu mmoja wa kumjibu, mwanasayansi wa udongo. Atasema kwamba udongo hauna sebule, hauhitaji salamu, na maabara haijali nani alikunywa nini. Ana haki kwa nusu. Karagwe imekuwa uwanja wa kazi nzuri ya namna hiyo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walishirikiana na shirika la wakulima la MAVUNO kuchunguza jinsi mabaki ya jikoni, mkaa wa majiko sanifu, na kinyesi kilichokaushwa na kuuawa vijidudu kwa joto vinavyoweza kurudishwa shambani kama mboji. Udongo ulipimwa, mahindi na maharage yakapandwa, mavuno yakapimwa, na mboji ikaonyesha nguvu yake. Namba hizo hazikuhitaji mchaichai. Lakini mboji hiyo inaanzia chooni mwa mtu, inapita jikoni mwake, na inaishia kwenye ndizi atakayomlisha mwanawe. Iwapo mama wa Karagwe atakubali kuimwaga kwenye shina la mgomba uliopandwa na mkwe wake, iwapo jirani atamcheka au atakuja kumwomba, iwapo mumewe atachimba choo cha aina hiyo au atakiita cha aibu, haya hayamo kwenye udongo. Yanasemwa, yakisemwa, wakati sufuria imeshafunuliwa na kikombe cha pili kinamiminwa, na mtafiti yuko bado kwenye kiti, kalamu ameiweka chini.